Meli Isiyovunjika

Paso del Jícaro,
24 Novemba 2019

Kwako dada yangu Adelfa,

Nakuamkia kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, na kwa mapenzi ya mtoto kwa aliyemlea, maana mama alipotutoka ni wewe uliyenifulia, ukanilisha na kunichapa nilipostahili. Hujambo wewe? Shemeji Fidel mgongo wake umepata nafuu, au bado kiwanda cha kuku kinamtesa? Na wapwa zangu, Nereo na Ariadna, wangali wanaelewa maneno ya nyumbani, au huko Carolina, Marekani, kumeshawageuza wageni kabisa? Wabusu kwa niaba yangu, hata kama wataona haya.

Sisi huku hatujambo. Mke wangu Zenaida anakusalimu, anasema ukimtumia tena ile dawa ya kupaka magoti atakuombea mpaka upate nyumba yenye ngazi za dhahabu. Mvua zilikuwa za kutosha, ufuta umetoka vizuri, na yule punda uliyemwacha akiwa mtoto amekufa mzee akiwa amezaa ukoo mzima wa wakaidi. Siku ya Wafu tuliwawekea baba na mama mkate, mishumaa na kinywaji chao cha chilate ya kakao, na wacheza ngoma ya Mashetani walipita nyumba kwa nyumba wakipiga miguu mpaka vumbi likaingia katika sufuria za watu. Nimestaafu shule mwezi wa saba. Sasa naamka saa kumi na moja kama kawaida, kisha nakaa kitandani sijui niende wapi.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ningeikata katikati, dada. Karatasi haikatiki, na ninayo mengi. Maura, binti wa jirani, amepata kazi huko kwenu, ndiye atakayekukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Nianze na habari njema. Bila shaka umesikia kwamba mwezi wa nane wakuu wa nchi walikubali kuandika katika katiba kwamba watu weusi wa Meksiko nao ni watu wa Meksiko. Sisi tulikuwa tunalijua hilo tangu zamani, lakini wao wamechukua miaka mia mbili kulisikia. Basi Don Sabás, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano. Nyumba mpya ya jamii imekwisha, imepigwa rangi ya manjano, na pembeni mwa mlango fundi ameacha nafasi ya jiwe la maandishi. Jiwe hilo liseme sisi ni nani na tumetoka wapi. Sabás alidhani ni jambo la nusu saa. Lilichukua Jumapili saba.

Jumapili ya kwanza aliyesimama ni Shangazi Otilia. Unamfahamu binamu ya baba, haongei, anapiga nyundo. Ana miaka themanini na bado anauza tamali za kome, zile za unga wa mahindi uliofungwa majanini, kila asubuhi, na hakuna anayethubutu kuomba apunguziwe. Alisema, "Andikeni meli. Meli ilivunjika pale pwani ya Faro, watu wetu wakaogelea, wakafika ufukweni wakiwa huru, na Kapteni Noyola mbele yao. Yamekwisha hayo. Mnataka nini tena, chumvi?" Wazee wakapiga makofi. Nusu yao, kama sisi, ni akina Noyola, na tangu tuko kwenye matiti ya mama zetu tunaambiwa sisi ni damu ya kapteni.

Sabás akasema kwa upole kwamba huenda ni heri tusichimbe sana, tuandike tu kwamba sisi ni Wameksiko, basi. Kijana mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Hata mbwa wako ni Mmeksiko, Sabás, lakini mlangoni kwako umemwandikia Mbwa Mkali." Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha kuku.

Ikaja habari ya jina. Vijana walitaka liandikwe neno weusi, bila kuficha. Don Quirino akainuka ameudhika, akasema yeye si mweusi, yeye ni maji ya kunde. Wewe unamkumbuka Quirino, dada, sufuria ya maharage ikikaa karibu naye inaonekana imeoshwa. Otilia akamwuliza, "Kunde gani hizo, mwanangu, zilizoungua?" Mwalimu mmoja mgeni akapendekeza lile neno la serikali, Waafro-Meksiko. Otilia akalirudia mara mbili mdomoni kama anayeonja mchuzi, akasema linafanana na dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Jumapili ya tatu alitujia profesa kutoka mji mkuu, hakualikwa na mtu. Alitufundisha kwamba mababu zetu ndio wale wa kale waliochongwa katika sanamu za vichwa vikubwa vya mawe, kwamba walivuka bahari wakiwa wafalme maelfu ya miaka kabla ya Mhispania kujua kuogelea. Nakiri tuliipenda hadithi ile mchana mzima. Hata mimi nilitembea kifua mbele kurudi nyumbani. Lakini kabla profesa hajaaga, Otilia alimwuliza kwa adabu, "Baba, kama sisi sote tulikuwa wafalme, nani alikuwa anakamua ng'ombe?" Profesa akatabasamu, akaingia ndani ya gari lake.

Hadi hapo ilikuwa burudani. Jumapili ya tano ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaanzisha ni Yuridia. Huyu humjui, alizaliwa baada ya wewe kuondoka. Ni mjukuu wa Otilia, aliyemlea tangu yuko mikononi, na sasa anasoma historia chuo kikuu. Ni mrefu, mweusi wa kung'aa, nywele zake amezifuga zikasimama kama taji, na akizungumza huweka mikono nyuma.

Alisema hakuna hati yoyote ya meli kuvunjika pale. Alisema hati zilizopo ni za mashamba makubwa ya ng'ombe, na za watu walioletwa kwa minyororo kuja kuchunga ng'ombe hao. Wazee wakaanza kunung'unika. Akaendelea. Alieleza kwamba mwezi wa saba, akiwa katika basi anarudi likizo, askari wa barabarani walimshusha yeye peke yake kati ya abiria arobaini. Walimwuliza anatoka nchi gani. Akawaonyesha kitambulisho, wakasema ni cha bandia. Wakamwamuru aimbe wimbo wa taifa kando ya barabara, basi zima likitazama madirishani. Akauimba wote, hata beti ambazo hakuna mtu anayezijua. Wakamwambia auimbe tena. Mmoja wao akasema, "Nchi hii haina weusi, binti. Sema ukweli, wewe ni Mcuba au Mhonduras?"

Kisha akamgeukia bibi yake. Akasema, "Bibi, nilisimama pale sina la kuwajibu. Kapteni wako hakunisaidia. Nilitaka kuwaambia nimefikaje hapa na tangu lini, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuniambia."

Ningependa kukuandikia kwamba Otilia alilainika. Hakulainika. Alisimama ameshika fimbo yake, akasema mbele ya kijiji kizima, "Mimi si mtoto wa mtumwa. Kama wewe ni mtoto wa mtumwa, basi huna bibi. Usiku wa leo utafute pa kulala."  Binti yule alikwenda akakusanya vitabu vyake katika mfuko wa unga, na Zenaida wangu, bila hata kuniuliza, akamleta kwetu na kumtandikia katika chumba kilichokuwa chako.

Usiku ule sikupata usingizi, na wewe unajua kwa nini.

Huhitaji kukumbushwa, lakini niruhusu niseme nilivyoiona mimi siku ile, kwa maana hatujawahi kuizungumza tangu itokee. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Santiago, mwaka 1994. Baba alikuwa ametoka kukimbiza farasi, ameshinda, ana vumbi hadi kwenye kope, na uani kwetu walikuwa wameketi wageni kama thelathini wakila nyama ya kuokwa shimoni. Akaanza kuisimulia meli kama afanyavyo kila mwaka, mawimbi, mlingoti, kapteni. Wewe ulikuwa umerudi kutoka mji mkuu na cheti chako cha ualimu, ulichokipata ukubwani baada ya kutulea. Ulimwacha amalize. Kisha ukasema, bila ukali, "Baba, hakukuwa na kapteni wetu. Tuliletwa, tukanunuliwa, tukachungishwa ng'ombe wa watu. Wala si aibu yetu, ni aibu yao."

Baba alipiga meza bakuli likaanguka. "Mwongo!" alisema. "Nimekupeleka mjini ukajifunze kusoma, umejifunza kututukana!" Akasema nyumbani kwake hakuna nafasi ya mtoto anayewavua nguo wazazi wake mbele ya wageni. Nawe ukanitazama mimi, Teyo wako. Ulinitazama muda mrefu. Mimi nikaangalia sahani yangu. Baada ya wiki tatu ulikuwa umevuka mpaka, na mpaka leo, miaka ishirini na mitano, hujakanyaga uwanja ule.

Basi nilipomsikia Yuridia akijigeuza kitandani upande wa pili wa ukuta, niliona mambo yanajirudia mbele ya macho yangu, na safari hii hakukuwa na sahani ya kuangalia. Nikaamka, nikafungua sanduku la bati la hati za shamba, nikatoa karatasi fulani iliyokuwa chini kabisa. Jumapili ya saba nikaenda nayo mkutanoni.

Nilimwomba Sabás nafasi. Nikawaambia hii ni karatasi ya kitabu cha ndoa cha parokia, ya mwezi wa pili mwaka 1718. Nikaisoma polepole, kwa sababu mwandiko wake ni wa kizamani. Padri anaandika kwamba siku hiyo amemfungisha ndoa Mateo, mtu mweusi wa nchi ya Msumbiji, aliyeshushwa melini katika bandari ya Acapulco, mtumwa na mchunga ng'ombe wa Kapteni Domingo de Noyola. Bibi arusi ni Pascuala, binti wa Waamuzgo, wenyeji wa asili wa nchi hii, mwanamke huru. Msimamizi wa shamba alifika kuipinga ndoa, akidai bwana wake amekwisha kumchagulia Mateo mke kati ya watumwa wake mwenyewe. Padri akamwuliza Mateo, mbele ya mashahidi wanne, kwa nini anamtaka mwanamke huyu na si yule. Mateo akajibu mambo mawili, na padri ameyaandika yote mawili. La kwanza, kwamba anampenda. La pili, kwamba sheria inasema mtoto hufuata tumbo la mama yake, na yeye anataka watoto ambao hawatakuwa mali ya mtu. Padri akawafungisha. Kwa kuwa bwana arusi hakujua kuandika, alichora msalaba, na msalaba wenyewe, dada, ni mkubwa kuliko sahihi ya padri.

Nikawaeleza kwamba katika vitabu vilevile wameandikwa watoto saba wa ndoa hiyo, wote huru, na kwamba kutoka kwa hao saba nimeufuata ukoo baba kwa mwana hadi kwetu, na hadi kwa Quirino, na hadi kwa Sabás pia, kwa upande wa mama yake.

 Kisha Shangazi Otilia akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia pale pa watoto." Nikarudia pale pa watoto. Akaweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Kwa hiyo meli ilikuwepo," akasema.

Nikamjibu, "Ilikuwepo, shangazi."

"Ila haikuvunjika."

"Haikuvunjika. Ilitia nanga salama."

"Na kapteni?"

"Kapteni naye alikuwepo. Ndiye aliyekuwa mwenye ng'ombe. Na mwenye Mateo. Jina letu ni lake."

Otilia aliinuka kama aliyechomwa na nge. "Mshenzi mkubwa!" akapiga kelele. "Miaka themanini! Miaka themanini namwashia mshumaa mshenzi yule kila Siku ya Wafu, na huyu Mateo wa watu yuko gizani!" Dada, tulicheka mpaka watu wakajifuta machozi, na mimi sijui hata sasa yale yalikuwa machozi ya nini. Kicheko kilipotulia bibi yule alikuwa amekwisha kuvuka ukumbi. Akasimama mbele ya Yuridia, mfupi, kichwa kinamfika mjukuu wake kifuani. Hakuomba radhi, hajui kuomba radhi. Alisema, "Kachukue vitabu vyako kwa Teyo. Na ukikutana tena na wale askari, wasomee karatasi hiyo kwanza, ndipo uwaimbie." Yuridia akamkumbatia, na fimbo ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Baada ya hapo watu walipanga mstari kuja kuuona ule msalaba. Ungewaona! Wazee wasiojua kusoma walikuwa wanautazama kwa karibu, wakinyoosha kidole bila kuugusa. Mmoja alivua kofia. Mama wawili wa Kiamuzgo, walioolewa hapa kijijini na ambao kila siku huitwa wa kuja, walisimama wakamwangalia Pascuala jinsi alivyoandikwa, huru, kwa jina lake, na mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ili kila mtu asikie, "Kumbe sisi ndio wenyeji, hawa ndio wamekuja kuoa." Nani angebisha? Hata Quirino alicheka.

Nimeishi hapa miaka hamsini na sita na sijawahi kukiona kijiji hiki kikitembea namna kilivyotembea kurudi nyumbani siku ile. Hawakutembea kama wafalme wa profesa. Walitembea kama watu waliopewa barua iliyokuwa inawatafuta. Mtoto wa Sabás alikuwa anamwambia mwenzake kwamba babu yake alimshinda kapteni kwa kutumia mapenzi na sheria, na mwenzake akamjibu kwamba huyo ni babu yake pia, asijifanye.

Jiwe limekwisha kuchongwa. Linasema hivi: Sisi ni watu weusi wa pwani hii. Mateo aliletwa kwa nguvu, Pascuala alikuwa hapa, na watoto wao hawakuwa mali ya mtu. Lilipitishwa kwa mikono yote isipokuwa mmoja. Quirino alisema hapingi, waandike weusi wakipenda, lakini yeye binafsi atabaki kunde.

Hizo ndizo habari njema, na ni njema kweli, wala sitaki haya nitakayokuambia sasa yazipunguzie utamu. Siku ile watu waliniuliza, mwalimu, karatasi umeipata wapi? Nikawajibu nimeipata katika kitabu cha parokia, na ni kweli. Hakuna aliyeniuliza niliipata lini. Wewe utaniuliza, Adelfa. Nimeiandika barua hii yote kwa ajili ya swali hilo.

Niliipata mwaka 1989.

Vitabu vya zamani vya parokia vilikuwa vinaliwa na mchwa, na padri wa wakati ule alinitafuta mimi kwa sababu ya mwandiko wangu ili nivinakili katika vitabu vipya. Nilikuwa kijana, mwalimu wa miaka miwili, nikajiona mtu. Nilikaa mle miezi mitano. Siku nilipoifikia karatasi ile nilisoma hadi mwisho, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikasoma tena. Kisha sikuinakili. Niliitoa kitabuni, nikaikunja, nikaitia shatini. Kitabu kipya kilicho parokiani leo kina mwandiko wangu mzuri na pengo moja, na pengo hilo ni mimi.

Nilimpelekea baba. Kama ujuavyo hakujua kusoma, hivyo nilimsomea, yeye akiwa anashona mshipi wa tandiko. Akaniuliza kitu kimoja, "Hapo pameandikwa kama alipigwa?" Nikamwambia karatasi haisemi. Akasema, "Afadhali." Akatandika farasi, akaondoka, akarudi kesho yake jioni. Akaniambia, "Iweke. Usimwambie mtu. Mimi bila meli ile sina cha kuwasimulia watu."

Sasa umeelewa, dada. Siku ile mezani, ulipoitwa mwongo mbele ya wageni thelathini, tulikuwa watu watatu tunaojua kwamba unasema kweli. Wewe ulijua kwa akili yako na kusoma kwako. Mimi na baba tulikuwa na karatasi, iko chumba cha pili, hatua kumi kutoka ulipokuwa umesimama. Uliponitazama ulikuwa unaniomba neno moja. Nilikuwa nalo, tena kwa wino.

Yapo mabaya kuliko hilo. Baba alipougua, mwaka 2010, siku nne kabla hajafa aliwafukuza watu wote chumbani akaniambia nilete karatasi. Nikamsomea tena. Safari hii aliisikiliza amefumba macho, na nilipofika kwenye watoto alitikisa kichwa kama anayekubali. Kisha akanipa ujumbe nikuletee wewe. Nikamwahidi. Wewe hukuweza kuja mazikoni kwa sababu ya kukosa makaratasi ya ukaazi huko, nikasikia watu wakisema mazikoni kwamba una moyo mgumu, na wakisema Teyo ndiye mtoto mwema aliyebaki. Dada, nililipenda neno lile. Nilijua kwamba nikikufikishia ujumbe wa baba, itabidi nikueleze pia habari ya karatasi, na mtoto mwema atakuwa amekwisha. Nikajiambia nitakupigia Krismasi. Nikajiambia Pasaka. Imepita miaka tisa ya Krismasi na Pasaka, na kila tunapozungumza nakuuliza habari za hali ya hewa.

Jumamosi hii naipeleka karatasi parokiani ikawekwe mahali pake, na Jumapili nitasimama mkutanoni niseme niliyokuandikia hapa, yote, pamoja na kwamba wewe ulilisema jambo hili robo karne kabla ya mtu mwingine yeyote na ukalilipia. Lakini sikutaka kijiji kisikie kabla yako. Haki ya kwanza ni yako. Kama utataka kunitukana, nitukane, najua unavyojua. Kama hutaki kuniandikia, nitaelewa. Yuridia ameniomba anwani yako, anataka kukuuliza mambo mengi ya wakati ule. Sijampa, nangoja useme.

Zenaida, Otilia, Sabás na Quirino wa kunde wanakusalimu. Otilia anasema uje ule tamali kabla hajafa, na kwamba hana mpango wa kukungoja sana. Msalimu shemeji. Wasalimu watoto, uwaambie habari za Mateo na Pascuala, ni zao.

Na huu ndio ujumbe wako, maneno ya baba yetu kama yalivyotoka kinywani mwake, sikuongeza wala kupunguza:

"Mwambie Adelfa mwongo nilikuwa mimi. Mwambie siku ile, hata nilipokuwa nampigia kelele, nilikuwa najisemea moyoni: tazama mtoto niliyemzaa, haniogopi."

Ni mimi mdogo wako,
Eleuterio Noyola